Kupaka rangi sanamu ya mbwa kwa oda ya mteja: mwongozo kamili

Sanamu nyingi za mbwa zinazowekwa getini au bustanini hujengwa kwa saruji juu ya kiunzi cha nondo na wavu wa kuku, au humiminwa katika kalibu, kisha hupakwa rangi moja au mbili na kuuzwa. Oda ya mteja anayetaka sanamu ifanane na mbwa wake mwenyewe ni kazi ya namna nyingine. Mteja huyo anamjua mnyama wake kwa alama ambazo mpita njia hazioni, kama vile doa la rangi ya hudhurungi juu ya jicho, ncha ya sikio iliyokatika, au mvi zilizoanza kidevuni, na ataitazama sanamu hiyo kila anapotoka na kurudi nyumbani. Kwa uzoefu wangu, ufanani hupatikana katika mipaka ya rangi na katika macho, wala si katika wingi wa manyoya yaliyochorwa moja moja. Na rangi hudumu kutokana na kazi inayofanyika kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa. Mwongozo huu unafuata sanamu ya saruji ya German Shepherd aliyeketi, yenye ukubwa wa mbwa halisi, itakayokaa nje ya nyumba. Nimemchagua mbwa huyu kwa sababu manyoya yake yana karibu kila ugumu ambao fundi rangi atakutana nao kwa mbwa wengine.

Makubaliano kabla ya kazi

Mwombe mteja picha za mbwa kutoka mbele, pande zote mbili, nyuma na juu, pamoja na picha ya karibu ya uso. Upande wa kushoto wa mbwa haufanani kamwe na wa kulia, na fundi anayenakili upande mmoja kwenda wa pili hugunduliwa na mwenye mbwa papo hapo. Picha zipigwe kivulini wakati wa mchana, kwa kuwa jua la saa sita huunguza rangi ya kahawia ikaonekana ya njano, na taa ya ndani huifanya iwe nyekundu. Ukiweza, mwambie mteja aweke karatasi nyeupe karibu na mbwa wakati wa kupiga picha. Karatasi ile ikionekana ya samawati au ya njano, utajua picha imepotosha rangi kwa kiasi gani.

Swali ambalo mafundi wengi hulisahau ni la umri. Mbwa wa miaka mitatu na mbwa huyo huyo akiwa na miaka kumi hawana uso mmoja, kwa sababu weupe huanza kidevuni, huzunguka mdomo na hatimaye hufika kwenye nyusi. Wateja wengi huagiza sanamu baada ya mbwa kufa, wakiwa na picha za miaka mbalimbali kwenye simu. Mwulize kwa upole ni mbwa wa wakati gani anayetaka kumkumbuka, kisha muandike jibu lake.

Usikubaliane rangi kwa kutazama skrini ya simu. Paka vipande vitatu au vinne vya rangi ya kahawia kwenye ubao mdogo uliopakwa rangi ya kwanza ile ile utakayotumia kwenye sanamu, viache vikauke kabisa, kisha mteja achague kwa macho yake akiwa nje. Rangi ya maji hukolea kidogo inapokauka, hivyo kipande kibichi kitawadanganya nyote wawili. Katika karatasi ya makubaliano andikeni mahali sanamu itakapokaa, kama inapata jua la kutwa nzima au kivuli, kama kuna ukosi (mkanda wa shingoni mwa mbwa) na wa rangi gani, tarehe ya kukabidhi, na nusu ya malipo inayotangulia. Andikeni pia kwamba mteja ataikagua kazi mara mbili: mara ya kwanza rangi za msingi na macho yakiwa tayari, na mara ya pili kabla ya vanishi. Mabadiliko yanayoombwa baada ya vanishi yana malipo yake.

Kukagua na kuandaa saruji

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Saruji mpya ina alikali kali (kemikali iliyo kinyume cha asidi), na kipimo chake cha pH hufika 12 hadi 13. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake, alikali hiyo hupambana na mafuta yaliyomo katika rangi na kuyageuza kuwa kama sabuni, ndipo rangi inapobaki ikinata, inatoa mabaka na hatimaye inabanduka kwa vipande. Sanamu mpya iachwe siku 28 tangu ilipomiminwa au kumaliziwa plasta, na siku hizo zihesabiwe upya kwa sehemu yoyote kubwa iliyozibwa baadaye. Mteja akiwa na haraka, mweleze sababu hii waziwazi, kwa maana mtu anayeelewa kwa nini anasubiri hulalamika kidogo.

Baada ya muda huo, pima unyevunyevu. Kata kipande cha nailoni nzito chenye upana wa kiganja cha mkono au zaidi, kibandike kifuani mwa sanamu kwa utepe wa gundi pande zote nne, na ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, au saruji iliyofunikwa imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, maji bado yanatoka na rangi itapasuka malengelenge.

Jaribio la pili ni la mafuta. Sanamu zilizomiminwa katika kalibu mara nyingi hubaki na mafuta yaliyopakwa ili zisishike, na wengine hutumia oili chafu ya injini. Nyunyizia maji kidogo sehemu kadhaa, hasa chini ya tumbo na kati ya miguu. Yakinywewa, saruji ni safi. Yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, sugua sehemu hiyo kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza vizuri, kisha rudia jaribio.

Unga mweupe unaojitokeza juu ya saruji ni chumvi iliyosafiri na maji kutoka ndani. Uondoe kwanza kwa brashi kavu, kwa sababu ukianza na maji utaziyeyusha chumvi hizo na kuzirudisha ndani. Kinachobaki kifute kwa siki, usuuze kwa maji mengi, na uache sanamu ikauke siku kadhaa. Unga ukirudi, maana yake kuna mahali maji yanaingia, na ni lazima upatafute kabla ya kuendelea.

Chunguza pia kutu. Doa la rangi ya chungwa kwenye sikio au mkia huonyesha kuwa waya uko karibu mno na uso wa saruji. Kupaka rangi juu yake hakusaidii, kwa kuwa kutu huvimba na kupasua saruji. Chimbua sehemu hiyo hadi uone waya, usugue kwa brashi ya waya, uupake rangi ya kuzuia kutu, kisha uzibe kwa mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji na viwili au vitatu vya mchanga uliochekechwa vizuri. Mwisho jaza mashimo yanayoweza kutuamisha maji, hasa nyuma ya masikio, kati ya mapaja na juu ya kitako cha sanamu, ili mvua iteremke badala ya kukaa. Piga msasa namba 80 au 120 kwenye mikwaruzo mikubwa tu, ukiwa umevaa barakoa, kwa maana vumbi la saruji lina silika inayodhuru mapafu.

Kama ni sanamu ya zamani inayopakwa upya, tahadhari iwe kubwa zaidi. Rangi za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani zinazong'aa, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Usizichome kwa moto wala kuzipiga msasa mkavu. Lowanisha uso, tumia msasa wa maji, kusanya matope yake kwenye gazeti, na watoto wasiwe karibu.

Rangi na vifaa

Mbwa mwenye kilo 30 hadi 35 ana eneo la nje la takriban mita moja ya mraba. Ukiongeza kitako cha sanamu na mashimo ya saruji inayonywa rangi, lita moja ya rangi ya kwanza na lita moja ya rangi nyeupe ya kuchanganyia zinatosha sanamu nzima, na hakuna sababu ya kumtoza mteja ndoo.

Mimi hutumia rangi ya maji ya akriliki ya nje kwa kila tabaka. Hustahimili alikali, huacha mvuke upite, na haibadiliki kuwa ya njano kama ya mafuta. Kwa kukolezea, nunua chupa ndogo za rangi zenye asili ya oksidi ya chuma: njano ya udongo, nyekundu ya udongo na kahawia iliyoiva. Hizi ndizo rangi za manyoya ya mbwa karibu wote, na kwa bahati nzuri ndizo zinazovumilia jua kuliko nyingine. Nyekundu na njano kali zinazotengenezwa kwa kemia nyingine hupauka upesi, hivyo zitumie kwenye ukosi tu, na umwambie mteja kwamba ukosi utahitaji kupakwa upya mapema. Buluu ya Prussia iepuke kabisa juu ya saruji, kwani alikali huiharibu. Chukua ile iitwayo altramarini.

Brashi ya inchi 2 ni ya rangi ya kwanza, ya inchi 1 ni ya rangi za msingi, brashi kuukuu yenye nywele ngumu ni ya kazi kavu, yaani kupaka kwa brashi iliyopanguswa hadi rangi ikaribie kuisha, na brashi mbili za wasanii zenye ncha nyembamba ni za uso. Ongeza sponji, matambara ya pamba, na vikombe vyenye vifuniko vya kuhifadhia michanganyiko. Kila mchanganyiko uupime kwa kijiko na uandike vipimo vyake juu ya kifuniko.

Rangi ya kwanza

Paka praima ya akriliki inayostahimili alikali, mkono wa kwanza ukiwa umezimuliwa kidogo kwa maji kulingana na maelekezo ya kopo ili iingie kwenye vitundu, na mkono wa pili bila kuzimuliwa. Isukume ndani ya kila ufa na kila mfereji wa manyoya kwa brashi, kwa kuwa kinachoachwa wazi ndicho mlango wa maji. Sehemu ya chini ya kitako usiipake. Saruji hupumua, na unyevu unaoingia lazima upate pa kutokea.

Fanya kazi asubuhi baada ya umande kukauka, chini ya kivuli. Saruji iliyokaa juani huwa ya moto kiasi kwamba rangi hukauka kabla ya kushika. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, hauna siku nyingi za kutegemea. Kama oda imeangukia msimu huo, fanyia kazi ndani ya banda na uongeze muda wa kukauka katika makubaliano.

Ramani ya rangi

Chora mipaka kwa chaki kwanza. German Shepherd wa kawaida ana joho jeusi mgongoni, kahawia miguuni na kifuani, na weusi kuzunguka mdomo. Tazama picha na uhesabu alama: joho linashuka mbavuni hadi wapi, weusi wa uso unapanda hadi jichoni au unaishia puani, ndani ya masikio kuna rangi gani. Simama hatua tano nyuma na ulinganishe na picha kabla ya kugusa rangi. Kosa la mpaka halifunikwi na ustadi wowote wa baadaye.

Kahawia ya msingi ichanganye kutoka njano ya udongo, kahawia iliyoiva na nyeupe kidogo, ukitia nyekundu ya udongo tone kwa tone. Tengeneza viwango vitatu: cha kati kwa mwili wote wa kahawia, cha giza kwa kwapa, chini ya shingo na ndani ya mapaja, na chepesi kwa kifua cha mbele na nyuma ya miguu. Nyeusi isitoke koponi moja kwa moja, maana mbele ya jua huonekana kama shimo. Changanya kahawia iliyoiva na altramarini. Utapata weusi ambao ukiongeza buluu unakuwa wa baridi kama mgongo unaopigwa na anga, na ukiongeza kahawia unakuwa wa joto kama ubavu.

Paka mikono miwili myembamba. Pale nyeusi na kahawia zinapokutana, usiache mstari. Rangi zote mbili zikiwa bado mbichi, vuta ncha za nyeusi kuingia kwenye kahawia kwa brashi iliyokaushwa, ukifuata mwelekeo wa manyoya, hadi upate ukanda wa vidole viwili au vitatu ambapo hakuna rangi inayotawala.

Macho kabla ya manyoya

Mafundi wengi huacha macho yawe ya mwisho. Mimi nashauri yafanywe mara tu rangi za msingi zinapokauka, kwa sababu giza na mwanga wa uso mzima hupimwa kwa macho, na kwa sababu mteja akikubali macho, kazi iliyobaki ni ya subira tu.

Kosa kubwa ni kupaka weupe mwingi. Jicho la mbwa anayetazama mbele karibu halionyeshi weupe. Ukiuzungushia mboni, unapata uso wa mtu aliyeshtuka. Anza kwa kujaza tundu lote la jicho kwa kahawia nyeusi sana. Kisha weka duara la mboni, yaani sehemu ya jicho yenye rangi, kwa kahawia ya giza, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mbwa hawa, ukiacha ukingo mweusi wa kope pande zote. Nusu ya chini ya duara iongezewe kahawia yenye njano kidogo, kwa kuwa mwanga unaoingia kutoka juu huangaza upande wa chini, na theluthi ya juu ibaki na giza kwa kivuli cha kope. Kitundu cha katikati ni cha mviringo na cheusi. Mwisho weka nukta moja ya nyeupe iliyochanganywa na buluu kidogo, karibu na ukingo wa juu wa kitundu, upande ule ule kwa macho yote mawili. Nukta mbili katika pande tofauti humfanya mbwa aonekane mwenye makengeza hata kama mboni zimepangwa sawa.

Pima umbali wa kila mboni kutoka kona ya ndani ya jicho kwa kijiti. Kisha piga picha ya uso, uigeuze kushoto kuwa kulia kwenye simu, na utaona mara moja jicho lililopanda. Sasa mwite mteja kwa ukaguzi wa kwanza.

Manyoya

Kama mchongaji aliweka mifereji ya manyoya, kazi ni nyepesi. Zimua kahawia ya giza kwa maji hadi iwe kama chai ya rangi, ipake sehemu ndogo, iache iingie kwenye mifereji, kisha ifute juu kwa tambara. Ikikauka, chovya brashi ngumu kwenye rangi nyepesi, ipanguse kwenye gazeti hadi ikaribie kuisha, na uipitishe juu ya matuta kwa kukatiza mifereji. Matuta yatashika rangi na mifereji itabaki na giza.

Kama uso ni laini, manyoya lazima yachorwe, na jambo la kwanza ni mwelekeo. Kutoka puani manyoya hupanda kati ya macho, hupita paji la uso na kwenda nyuma kati ya masikio. Mashavuni hurudi nyuma na kushuka. Shingoni ni marefu na mazito, hasa pembeni. Kifuani hushuka na kukutana katikati, mgongoni huelekea mkiani, na miguuni huteremka yakiwa mafupi sana. Weka mishale ya chaki mwili mzima kabla ya kuanza.

Anzia mkiani na mapajani ukielekea kichwani, ili kila safu mpya ilalie mizizi ya safu iliyotangulia. Piga mistari mifupi yenye urefu usiolingana, ukianza na mkandamizo na kuuachia mwishoni ili ncha iwe nyembamba. Safu ya kwanza iwe ya giza, ya pili ya kati, na nyepesi iwe chache, pale tu mwanga unapogonga. Juu ya joho jeusi tumia kijivu chenye buluu badala ya nyeupe. Usijaze mwili wote kwa kiwango kimoja: uso, shingo na kifua ndivyo vinavyotazamwa, na mgongo na mapaja yanatosheka na mafungu ya manyoya yaliyoachiana nafasi. Sanamu iliyochorwa kila unywele kwa nguvu sawa huchosha macho, na kwa umbali wa getini hufifia ikawa rangi moja ya vumbi.

Pua ipakwe nyeusi, na upande wake wa juu upunguzwe ukali kwa kijivu. Ndani ya sikio changanya nyeupe, nyekundu ya udongo na kijivu kidogo, kisha vusha manyoya mepesi kutoka ukingoni kuelekea ndani. Ulimi kama upo uwe wa waridi iliyotulia, wenye mstari wa giza katikati. Kwa mbwa mzee, mvi ziwekwe kwa nyeupe iliyochanganywa na kahawia kidogo, chache chache, juu ya rangi iliyopo.

Vanishi

Iache rangi siku mbili kamili, au zaidi wakati wa unyevunyevu. Tumia vanishi ya akriliki ya nje isiyong'aa, yenye kinga dhidi ya miale ya jua, mikono miwili myembamba. Ijaribu kwanza kwenye ubao wako wa sampuli, kwa kuwa vanishi isiyong'aa ikiwa nzito huacha ukungu mweupe juu ya rangi nyeusi, na joho la mbwa huyu ni jeusi. Ikishakauka, weka tone la vanishi inayong'aa kwenye macho, pua na ulimi pekee. Mng'ao huo wa sehemu tatu, dhidi ya manyoya yasiyong'aa, ndio unaompa mbwa uhai; sanamu iliyong'arishwa yote hurudi kuwa saruji iliyopakwa rangi.

Kusafirisha na kukabidhi

Saruji ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya maji kwa ujazo ule ule. Sanamu ya mbwa mwenye kilo 32, ikiwa haina uwazi ndani, inaweza kuzidi kilo 75 kabla ya kuhesabu kitako, hivyo tafuta watu watatu na uinyanyue kwa kitako, kamwe si kwa shingo au masikio. Ifungie kwa shuka za pamba, kisha vipande vya godoro. Nailoni ikigusa vanishi changa hunata na kuacha alama. Ilaze tu kama haiwezi kusimama imara garini.

Mahali pake paandaliwe mapema. Iinue kwa vipande vya vigae au mawe membamba ili hewa ipite chini na maji yasipande kutoka ardhini, na isiwe chini ya bomba la paa au mahali ambapo maji ya bustani huirushia matope. Karibu na bahari, mwagize mteja aisuuze kwa maji baridi mara kwa mara, kwa sababu chumvi inayoletwa na upepo hujikusanya kwenye mifereji. Usafi ni wa sabuni laini na sponji, bila mashine ya maji ya kasi. Kila masika yakiisha aikague kama kuna ufa, na kila baada ya miaka miwili au mitatu aipake vanishi mpya kabla ya ile ya zamani kuchakaa hadi kwenye rangi.

Pamoja na risiti, mpe vikopo vidogo vya rangi zile tatu za kahawia na ile nyeusi, vilivyofungwa vizuri na kuandikwa majina ya sehemu zake, na wewe ubaki na nakala ya vipimo vya vijiko na picha za kazi iliyokamilika. Sikio likigongwa na mlango wa gari miaka michache baadaye, utaziba, utasubiri saruji ikomae, na utapata rangi ile ile bila kubahatisha.